Gari yenye kuzimika-zimika: kujua shida iko wapi mbele ya kununua piesi

Motere ya esanse inahitaji vitu 3 ili iendelee kuzunguka: esanse, hewa, na cheche ya buji kwa saa yake. Kimoja kikikosekana, gari inazima. Lakini katika garaji mingi za Goma, Bukavu ao Butembo, dereva wa taksi anafika, anasema "gari inazima", na kazi inaanza kwa kubadilisha buji. Kesho yake inazima tena, wanabadilisha bobini. Kisha pompi. Wakati huo wote mwenye gari anangojea pesa yake ya kila jioni, na deni inabaki kwa dereva.

Swali la kwanza halina bei: gari inazima wakati gani, na inazima namna gani? Ikikohoa na kupoteza nguvu kidogo-kidogo kisha ikakufa, mara mingi esanse haifike vizuri. Ikikatika mara moja, sawa vile mutu amefunga kontakti, mambo ni ya umeme. Ikitembea muzuri barabarani lakini inakufa kila mara dereva anatoa muguu ku akselerateri, shida iko kwa hewa ya relanti. Makanisiye hawezi kujua hayo kama dereva hamuambie.

Kwa magari ya huku, esanse ndiyo ya kushuku kwanza. Mingi inanunuliwa kwa kadhafi, ndani ya bidoni zenye zilipita mikononi mwa watu wengi, na wakati wa mvua maji inaingia. Kuna jaribio rahisi. Motere ikiwa imepoa, mbali na moto na sigara, toa esanse kidogo ya chini ya rezervwari, weka ndani ya chupa yenye kuonyesha ndani na uiache dakika 10. Litre moja ya maji ina kilo 1, ya esanse ina karibu gramu 750. Maji itashuka chini na mustari utaonekana. Ukiuona, usinunue kitu. Rezervwari itolewe maji yote, isafishwe, filitre ibadilishwe.

Filitre yenye kuziba nayo ina alama yake: kwenye tambarare gari haina shida, ila ku mulima mrefu, wakati motere inaomba esanse mingi, inakosa nguvu na kuzima. Pompi ni habari ingine. Kwa magari ya enjeksiyo inakaa ndani ya rezervwari, na esanse ndiyo inaipoesha. Dereva mwenye kuweka litre 2 asubuhi na litre 2 mchana anaichosha mbio, na tena inavuta uchafu wa chini. Wengi wanafungua kontakti na kusikiliza kama pompi inavuma chini ya kiti cha nyuma. Ni jaribio nzuri, ila kwa Toyota mingi za zamani pompi inaanza tu wakati demareri inazunguka. Ukimya wake peke yake hautoshi kuihukumu.

Kwa relanti, adui ni vumbi. Ile vumbi nyeusi ya mawe ya volkano huko Goma inapita kwenye filitre ya hewa yenye kuchoka, inachanganyika na mafuta na kugandamana kwenye papiyo na kwenye vali ndogo ya relanti. Kuisafisha kwa dawa ya karbirateri na kitambaa ni kazi ya muda mufupi. Diriti zote za hewa zichunguzwe pia: yenye kupasuka inapiga filimbi ndogo. Motere ya moto inapaswa kuzunguka karibu mara 700 ao 800 kwa dakika. Kuna wenye kukaza vis ya relanti ili gari isizime. Hiyo ni kuficha ugonjwa: gari inaendelea kunywa esanse na shida iko palepale.

Umeme uanzie ku batiri. Kose zikazwe na kusafishwa. Motere ikitembea, kipimo kinapaswa kuonyesha kati ya volti 13,5 na 14,5. Chini ya hapo, alternateri ichunguzwe. Gari yenye kuzima ikiwa moto, kisha inakubali kuwaka ikipumzika nusu saa, inaelekeza kwa bobini ao kwa kapteri ya muzunguko wa motere. Taa ya motere ikiwaka ku tablo, itumike. Kwa Toyota mingi za miaka ya 1990, makanisiye anaunganisha TE1 na E1 kwa waya ndani ya kisanduku cha chini ya kapo, anafungua kontakti, na taa inapepesa hesabu: 12 ao 13 ni alama ya muzunguko, 14 ni ya cheche. Asiyejua visanduku hivyo asijaribu; kukosea tundu kunaweza kuunguza.

Gari ya mazutu haina buji za cheche. Kwake, hewa yenye kuingia katika mabomba ya mazutu na filitre yenye kujaa maji ndizo za kuangaliwa kwanza.

Hatari kubwa ni kuzimikiwa kwenye muteremko, sawa vile Ngomo ao Kabasha. Usukani unakuwa muzito, na freni inabaki na nguvu ya kukanyagwa mara 2 ao 3 hivi, kisha inakuwa ngumu. Dereva akanyage mara moja kwa nguvu bila kupiga-piga, aache vitesi ndani, na asitoe funguo, juu usukani unaweza kujifunga. Gari ikisimama, jiwe nyuma na mbele ya magurudumu, na matawi barabarani mbali kidogo, pande zote mbili.

Kisha matengenezo, mwenye gari asilipe yote gari ikiwa imesimama garajini. Motere ipate moto, ipandishwe mulima, isimame kwenye relanti dakika 10 na taa zote zikiwaka. Piesi ya zamani irudishwe mikononi mwake.