Daraja la Unguja ukutani Mwembesongo

Bumu limetoka na mimi nimenunua picha ya daraja, tena kwa elfu ishirini na tano! Ninayekaa naye geto hapa Mwembesongo hajaelewa mpaka leo, basi ngoja niwaeleze nyote.

Ni picha ya zamani ya Unguja, imechapwa upya kwenye karatasi nzito. Inaonyesha Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, na njia ya juu kwa juu iliyoliunganisha na majumba ya jirani. Daraja hili halikuvuka maji. Lilikuwepo ili wanawake wa ukoo wa Sultani wapite jumba hadi jumba bila watu wa chini kuwaona.

Muuzaji aliniambia ni picha ya wakati wa Mwingereza. Nikamwonyesha mnara: umesimama peke yake, mbele ya jumba. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu na dakika mbili asubuhi, manowari za Waingereza zilianza kupiga mizinga kumwondoa Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti siku mbili tu kabla. Saa nne haijafika, kwisha kazi. Watu kama 500 upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Jumba la jirani, Beit al-Hukm, likabomoka, kwa hiyo njia ile ya juu ikakosa pa kufikia. Mwaka 1897 mnara mpya wa saa ukajengwa kwenye uso wa Beit al-Ajaib lenyewe. Kwa hiyo ukiona mnara umejitenga, picha ni ya kabla ya mizinga.

Sasa kinachonigusa: hamna mwanamke hata mmoja kwenye picha. Daraja limewaficha hata mbele ya kamera! Habari za ndani ya majumba yale tumeachiwa na Sayyida Salme, aliyeondoka Unguja mwaka 1866, na kitabu chake kikatoka mwaka 1886. Angenyamaza, tungebaki na kuta tu.

Na kuta nazo haziaminiki jamani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikaua watu wawili.

Kuna mtu darasani anasema picha isiyo na watu si ushahidi wa maisha yao. Mimi nabisha. Daraja lenyewe ni ushahidi: hakuna anayejenga njia ya kuficha watu kama watu hao hawapo.