Kutoka Lemera hadi Oslo: Njia ya Denis Mukwege katika Kutetea Haki

Wengi wanaosimulia habari za Daktari Denis Mukwege huanzia Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, au Oslo, alikopokea Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Masimulizi ya namna hiyo huruka hatua iliyo muhimu kuliko zote. Njia iliyomgeuza tabibu kuwa mtetezi wa haki ilianzia Lemera, katika teritwari ya Uvira, kwenye milima inayotazama bonde la Ruzizi.

Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Alipokuwa mtoto alifuatana na babaye kwenda kuwaombea wagonjwa, akatambua kwamba baba huomba lakini hana dawa. Hapo ndipo azma ya kusomea utabibu ilipochipuka. Alihitimu nchini Burundi mwaka 1983, akaenda kufanya kazi katika hospitali ya Lemera iliyoasisiwa na wamisionari kutoka Uswidi.

Nia yake ya kwanza ilikuwa kuwatibu watoto. Lakini huko milimani aliwaona akina mama waliofika wakiwa wamechelewa, baada ya siku nyingi za uchungu na mwendo mrefu. Wengine walifariki, wengine walipona wakabaki na fistula. Kwa sababu hiyo alikwenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, akarejea Lemera mwaka 1989 na baadaye akawa mganga mkuu wa hospitali hiyo.

Usiku wa tarehe 6 Oktoba 1996, vita vilipokuwa vikianza, hospitali ilivamiwa. Watu zaidi ya 30 waliuawa, wakiwamo wagonjwa vitandani na wauguzi waliokuwa kazini. Mukwege mwenyewe hakuwapo. Alilazimika kukimbia, na mwaka 1999 akaanzisha Panzi akikusudia kuwahudumia wazazi. Mgonjwa wa kwanza hakuja kujifungua: alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi sehemu za siri.

Wahenga walisema: mficha uchi hazai. Kwa kawaida methali hiyo humhimiza mwenye shida aiseme ili asaidiwe. Katika Kivu ya Kusini ilipata uzito mpya, kwani aibu iliyopaswa kumwangukia mbakaji iliwekwa juu ya aliyebakwa, na kimya kikamlinda mkosaji. Daktari aliyewashona wanawake walewale zaidi ya mara moja, na baadaye mabinti zao, aliona kwamba kisu cha upasuaji hakiwezi kukomesha vita. Ikambidi aseme hadharani.

Kusema kulikuwa na gharama. Mwezi Septemba 2012 alihutubia katika Umoja wa Mataifa mjini New York. Tarehe 25 Oktoba watu wenye silaha walivamia nyumba yake na mlinzi wake akauawa. Alihamia Ulaya na familia yake. Akina mama wa Kivu, wengi wao maskini, waliuza mazao yao ili wachangie nauli ya kumrudisha. Januari 2013 alirejea. Tukio hilo laonyesha uongozi wake ulitoka wapi: ulikabidhiwa na wale aliowahudumia, kabla ya tuzo ya Oslo.

Uongozi huo haukugeuka kuwa mamlaka ya kisiasa. Alipogombea urais mwaka 2023 alipata kura chache mno. Wala dai lake kuu halikutimizwa upesi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 iliorodhesha matukio 617 ya kati ya 1993 na 2003, na Mukwege ameitumia kudai mahakama ya kimataifa. Alipohutubia Oslo, aliianza hotuba yake kwa usiku wa Lemera. Ilikuwa imepita miaka 22, na mahakama hiyo ilikuwa bado haijaundwa.