Dawa ya Magugu na Maji ya Kunywa

Zamani hapa Kanduyi magugu yalipaliliwa kwa jembe. Mwaka 1975 Kampuni ya Sukari ya Nzoia ilianzishwa, na miwa ikaenea kando ya mahindi. Baadaye dawa za kuua magugu, kama atrazini, zikachukua nafasi ya jembe. Mvua ikinyesha, dawa huweza kusombwa hadi mtoni au kisimani. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya uliamua kuondoa atrazini sokoni kwa sababu ya mabaki yake katika maji ya ardhini.

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi dawa hiyo. Mwaka 1894 Mwingereza H. J. H. Fenton alieleza jinsi chuma na peroksidi ya hidrojeni vinavyovunja kemikali. Miaka mia moja hivi baadaye, wanasayansi walitumia umeme kutengeneza peroksidi ndani ya maji yenyewe, wakaweza kuvunja atrazini. Kazi hiyo huhitaji mitambo na wataalamu, usiijaribu nyumbani.

Wewe endelea kuchemsha maji. Usichote karibu na shamba lililopuliziwa, na mtungi wa dawa usiutie maji kamwe. Kinga ni bora kuliko tiba.