Mchezo Uliotoka Redioni
Msomaji wa Meru au Embu, bila shaka wewe husikiliza michezo ya redio. Mchezo ulioendelea jukwaani muda mrefu kuliko yote duniani ulianzia humo humo. Mwaka 1945, huko Uingereza, mtoto wa miaka 12, Dennis O'Neill, aliyekabidhiwa walezi na baraza la mji, alifariki kwa kupigwa na kunyimwa chakula. Agatha Christie alikitwaa kisa hicho akakigeuza kuwa mchezo wa kisasi, nao BBC wakautangaza mwaka 1947, Malkia Mary alipotimiza miaka 80. Mwaka huo huo ukaonyeshwa katika televisheni. Tangu 1952 waigizwa London kwa jina la The Mousetrap, yaani mtego wa panya. Korona tu ndiyo iliyousimamisha, mwaka 2020 hata 2021. Watazamaji huombwa wasimtaje muuaji, na wengi wao, nadhani, jina la Dennis hawalijui.