Kibati cha Mlangoni na Mgeni Asiyeandikwa

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo na wenzako wanne bila kutoa taarifa. Siku hizi wako watu wengi mijini, Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko, wanaopangisha chumba au nyumba kwa siku mbili tatu, wakipata wateja wao kwa simu. Mteja anasema watakuja wawili. Asubuhi mwenye nyumba anapita mlangoni, anakuta jozi sita za viatu. Maji ya tangi yamekwisha, jirani amenuna, na mlinzi anauliza hawa ni akina nani.

Afanye nini? Wapo wanaosema awafukuze papo hapo. Wapo wanaosema anyamaze, mradi hela imeingia. Kabla hatujaamua, tutazame mji mmoja uliopambana na jambo hili hili kwa miaka mingi, kwa sheria, kwa faini na kwa askari wa usiku. Mji huo ni Glasgow, huko Scotland.

Mwaka 1801 Glasgow ilikuwa na watu wapatao 77,000. Ilipofika mwaka 1861 walikuwa wanakaribia 400,000. Walivutwa na viwanda vya nguo, vya chuma na vya meli. Wengi walitoka Ireland, hasa baada ya njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 viazi vilipoharibika mashambani. Wengine walitoka milima ya kaskazini ya Scotland yenyewe. Nyumba hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Wenye majumba ya mawe yenye ghorofa kadhaa waliyagawa vyumba vidogo vidogo, na familia nzima ikaishi katika chumba kimoja.

Sasa mpangaji wa chumba hicho, ambaye mshahara wake haukutosha kodi, alifanya nini? Alikaribisha mtu wa kulala kwa malipo. Kijana mgeni wa mjini alipata pa kuweka kichwa, na mama mwenye chumba alipata senti za kujazia kodi. Methali yetu ilitimia kule bila wao kuijua: mgeni alikuja, mwenyeji akapona. Lakini pamoja na mgeni ilikuja homa ya taifasi, nayo iliua watu wengi katika vyumba hivyo.

Wakubwa wa mji waliamini kwamba homa ile ililetwa na hewa chafu. Basi mwaka 1862 wakapata sheria ya kupima hewa. Nyumba yenye vyumba visivyozidi vitatu, na ujazo usiozidi futi 2,000, ilipimwa na maofisa. Kila mtu mzima alihesabiwa futi 300 za ujazo, na watoto wawili wadogo wakahesabiwa kama mtu mmoja. Kisha kibati cha chuma kikapigiliwa mlangoni, kikionyesha ujazo wa nyumba na idadi ya watu wanaoruhusiwa kulala humo. Chumba cha futi 900 kilikuwa cha watu wazima watatu, basi. Mgeni wa kulipa hakukatazwa, mradi idadi ya kwenye kibati isizidi.

Miaka ilivyokwenda, nyumba zenye vibati zikazidi 20,000. Na kwa kuwa mchana watu wamo kazini, ukaguzi ulifanyika usiku wa manane. Maofisa walibisha hodi, wakaingia na taa, wakahesabu vichwa. Wageni wa ziada walikutwa chini ya vitanda, ndani ya makabati, na wengine juu ya paa katika baridi ya Scotland. Aliyefikishwa mbele ya hakimu alikuwa yule aliyewalaza, naye mara nyingi alikuwa maskini kama wao.

Je, sheria ile ilimwondoa mgeni wa ziada? Mwaka 1888, miaka 26 baadaye, Daktari James Burn Russell, mganga mkuu wa afya wa mji huo, alitoa mhadhara mashuhuri juu ya maisha katika chumba kimoja. Alieleza kwamba robo ya wakazi walikuwa wakiishi katika nyumba za chumba kimoja, na kwamba asilimia 14 ya nyumba hizo zilikuwa na wapangaji wa kulala. Katika nyumba za vyumba viwili ilikuwa asilimia 27. Mgeni alikuwepo, kwa sababu kodi ilikuwepo.

Lakini tusiharakishe kuwacheka waliopigilia vibati. Mwaka 1909 Charles Nicolle, mtaalamu Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi Tunis, alionyesha kwamba taifasi inaenezwa na chawa. Kwa hiyo hewa ilisingiziwa bure, ila msongamano ulikuwa hatari ya kweli, maana chawa huhama kutoka nguo hadi nguo watu wanapolala wamebanana. Idadi mlangoni ilikuwa na maana. Kilichokosekana ni jibu la swali jepesi: yule wa nne, akitolewa usiku ule, akalale wapi?

Mji ulianza kujibu swali hilo kidogo kidogo. Kuanzia miaka ya 1870 manispaa ilijenga nyumba zake za kulala wageni, ambamo mtu alilipa kwa usiku akapata kitanda safi. Mwaka 1896 ikafungua nyumba maalumu kwa wafiwa wenye watoto. Mwaka 1915 akina mama wa Glasgow, miongoni mwao Mary Barbour, waligoma kulipa kodi iliyopandishwa wakati wa vita, na serikali ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi isipande. Kuanzia mwaka 1919 ujenzi wa nyumba za halmashauri ukapata msaada wa fedha za serikali. Hayo ndiyo yaliyompunguza mgeni wa kwenye kabati, kuliko taa ya mkaguzi.

Na sisi tuna historia yetu ya kuhesabiwa usiku. Nairobi ya ukoloni iliwataka wanaume Waafrika wabebe kipande kuanzia miaka ya 1919 na 1920, na nyumba nyingi za wafanyakazi zilipangwa kwa hesabu ya kitanda cha mtu mmoja, si kwa familia. Mke aliyekuja kutoka shamba au mdogo mtu aliyekuja kutafuta kazi alikuwa mtu wa ziada. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliuzingira mji mzima, na maelfu kwa maelfu ya watu wakachukuliwa na kuwekwa kizuizini. Katika hali hiyo, kumficha ndugu chumbani hakukuwa hila. Kulikuwa ni kumwokoa.

Ndiyo maana hata leo ukimwuliza mtu wetu mtakuja wangapi, anajibu kwa tahadhari. Idadi kwake inanukia askari. Na undugu nao una sauti yake: mpwa aliyefika stendi saa nne za usiku haachwi nje eti hakuandikwa.

Kwa hiyo mwenye nyumba wa leo ana la kujifunza. Kwanza, idadi isemwe mapema pamoja na sababu yake: maji ya tangi, choo, jirani, na hatari ya moto watu wakiwa wengi kuliko milango. Mtu mzima akielezwa sababu huona aibu kudanganya. Pili, mgeni wa ziada awe na njia ya halali: kama nafasi ipo, bei yake itajwe tangu mwanzo, na jina lake liandikwe daftarini kama la wenzake. Asiyekuwa na njia ya mlangoni atapita dirishani. Tatu, kama nafasi haipo kabisa, mwenye nyumba aseme hivyo bila kumung'unya, aende kwao mchana, abishe hodi, amsaidie mgeni kujua nyumba ya wageni iliyo karibu. Asiende saa nane za usiku na tochi.

Daftari lina kazi kubwa. Moto ukizuka au mtu akiugua usiku, jina lililoandikwa ndilo litakalotafutwa, na asiyeandikwa hakuna atakayejua kwamba alikuwa ndani. Hilo ndilo la kumweleza mgeni anapofika na wenzake wanne, kabla ya kuanza kuzozana juu ya fedha.

Hadi juma lijalo, tuwe wenyeji wema.