Nani Kakuomba Ruhusa? Kutoka Mlango wa Kaya Kilombero hadi Kioo cha Simu

Kuanzia Septemba 1996, wadadisi wa kituo ambacho leo tunakiita Taasisi ya Afya Ifakara walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga. Walimwandikisha kila mkazi, kisha wakawa wanarudi kila baada ya miezi minne kuuliza: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama? Takwimu hizo zilisaidia kujua kama vyandarua vyenye dawa vinaokoa maisha ya watoto wadogo. Jibu lilikuwa ndiyo.

Kuna kitu hapo wengi hawakioni. Aliyekutwa nyumbani ndiye aliyejibu kwa niaba ya wote. Bonde hili ni la mpunga. Msimu ukifika familia nyingi huhamia shambani, mbali na kijiji. Kwa hiyo taarifa zako zingeweza kutolewa na ndugu yako wewe ukiwa hupo. Watafiti wanalijua tatizo hili, ndiyo maana kuna kamati za maadili, kuna kujieleza kabla ya swali la kwanza, na kwenye uchambuzi mtu huwa namba, siyo jina. Mfumo huo una kasoro zake, ila mbele yako kuna binadamu unayeweza kumwuliza, "Hii ni ya nini?"

Simu zilichelewa sana kufika hata hapo. Android ilipoingia sokoni mwaka 2008, ilikuonyesha orodha ya ruhusa kabla ya kupakua programu: kamera, meseji, mahali ulipo, majina uliyohifadhi. Ama unakubali zote, ama huipati programu. Na nani alikuwa anasoma ile orodha, jamani?

Upande wa iPhone mambo yalilipuka Februari 2012. Iligundulika kwamba programu iitwayo Path ilikuwa inapakia kitabu kizima cha majina ya mtumiaji kwenye seva zake bila kumwuliza. Miezi michache baadaye, toleo la iOS 6 likaanza kuuliza kabla programu haijagusa majina hayo. Android ikafuata mwaka 2015 kwa toleo la 6.0: sasa ruhusa inaombwa moja moja, pale inapohitajika, na unaweza kukataa kipaza sauti huku ukikubali kamera. Toleo la 11, mwaka 2020, likaongeza ruhusa ya mara moja tu.

Maendeleo mazuri. Lakini anayeulizwa ni mwenye simu peke yake. Ukibonyeza "Ruhusu" kwenye majina, umemsemea mama, fundi wako, mwalimu wako na yule mliyeachana 2019. Umefanya kama yule aliyekutwa nyumbani, ila safari hii hakuna kamati ya maadili.

Tanzania tumeliona hili kwenye mikopo ya mtandaoni, ile ambayo mtaani inaitwa kausha damu. Mkopaji akichelewa kulipa, meseji za aibu zinakwenda kwa watu waliomo kwenye simu yake, watu ambao hawajakopa hata shilingi. Mei 2023 Google ilizikataza programu za mikopo kwenye duka lake kugusa majina na picha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Ila faili la programu likitumwa kwa kiungo cha WhatsApp halipiti kwenye duka la Google, kwa hiyo katazo lile halilifikii.

Basi fungua mipangilio ya simu yako, nenda sehemu ya programu, kisha ruhusa, uangalie nani anayaona majina. Tochi haina shida nayo. Programu ya hali ya hewa haihitaji kujua ulipo usiku kucha. Ichagulie wakati unapoitumia tu.

Ukishazima ruhusa, programu haitasoma majina mapya. Yale iliyokwisha kuyapakia yanabaki kwenye seva, hata ukiifuta programu yenyewe. Hapo simu haina msaada. Kilichobaki ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023: unaweza kudai taarifa zako zifutwe, na ukipuuzwa, ukalalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Haki hiyo anayo pia yule fundi wako ambaye hakuulizwa.