Muuza Vitabu na Mnunuzi Wake Mjini Kampala

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuizungumzia lugha hii kwa kutaja katiba, mitaala na kamati. Ni nadra tuitazame dukani. Hali lugha huishi pia pale ambapo mtu huingia na fedha zake, akauliza kitabu, akajibiwa. Makala haya yanakusudia kuufuata mlango huo katika mji wa Kampala: ni nani aliyeuza vitabu, mnunuzi alipokewaje, na Kiswahili kiliwekwa kwenye rafu ipi.

Yafaa tuanze na maneno yenyewe. Mganda akitaka kitabu husema ekitabo, huingia katika edduuka, huuliza ebbeeyi, na akihitaji cha kuandikia hutaja ekkalaamu. Msomaji hahitaji kamusi kuyatambua maneno hayo. Yalipanda kutoka pwani pamoja na misafara ya wafanyabiashara waliofika Buganda tangu zama za Kabaka Suna, katikati ya karne ya 19. Hata fedha zenyewe, ensimbi, ni zile simbi za baharini zilizotumika kama sarafu. Kwa hiyo kabla Kampala haijapata duka la vitabu, msamiati wa kununulia vitabu ulikuwa umekwisha wasili, na ulikuwa wa Kiswahili.

Vitabu navyo vilifuata njia hiyo hiyo. Wamisionari wa CMS walifika katika ufalme wa Mutesa mwaka 1877, na Alexander Mackay akawafuata mwaka 1878. Alipowafundisha vijana wa ikulu kusoma, alitumia maandiko ya Kiswahili yaliyofasiriwa Unguja na Askofu Edward Steere, maana Luganda haikuwa bado na kitabu. Baadaye Mackay alichonga herufi za mti kwa mkono wake, akaanza kupiga chapa kurasa za Luganda kwa mashine ndogo. Wanafunzi wale wakaitwa abasomi, yaani wasomaji, na jina hilo likawa ndilo jina la wafuasi wa dini mpya. Si mahali pengi duniani ambapo kusoma na kuamini vimeitwa kwa neno moja.

Katika miaka ya 1890 biashara ilipamba moto. Askofu Alfred Tucker, aliyefika Mengo mwishoni mwa mwaka 1890, aliandika jinsi watu walivyosongamana kununua Injili. Vitabu havikugawiwa bure, viliuzwa kwa simbi. Kisha Luganda ikapata Biblia nzima mwaka 1896, kazi ambayo George Pilkington aliifanya pamoja na Waganda kama Henry Wright Duta. Toleo lake mashuhuri lilikatwa kwa kipimo cha bati la biskuti, ili mwenye kitabu akihifadhi humo na mchwa wasikifikie. Mimi huona kwamba huko ndiko kumtumikia mnunuzi: kuijua nyumba atakayokipeleka kitabu, na adui anayekingoja huko.

Duka la misheni lilikua likawa Uganda Bookshop, na kwa miaka mingi ndilo lililotajwa kwanza mtu alipoulizia vitabu Kampala. Maduka ya zamani, ya vitabu na ya bidhaa nyingine, mengi yalikuwa ya kaunta. Mnunuzi alisimama upande huu, bidhaa ziko upande ule, naye alipewa alichokitaja. Asiyejua jina la kitabu hakuwa na la kuuliza. Na Kiswahili hakikuwa miongoni mwa yaliyotajwa sana. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipanuliwe katika elimu na utawala wa Uganda, Kabaka Daudi Chwa alimpinga waziwazi, na wakuu wengi wa Buganda na wamisionari wakawa upande wake. Wasomi wa Buganda walinunua Luganda na Kiingereza. Lugha iliyoleta neno kitabu ikakosa vitabu vyake dukani.

Mwaka 1948 iliundwa East African Literature Bureau, chini ya Charles Richards, aliyekuwa amesimamia duka la vitabu la CMS huko Nairobi. Shirika hilo lilichapisha kwa Kiswahili, Luganda na lugha nyingine za eneo letu, likijaribu kuwafikia wasomaji walio mbali na miji. Lilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977.

Lakini pigo la Kampala lilikuwa limetangulia. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na maduka yao yakagawiwa wanajeshi na wengineo. Kipo kisa kinachosimuliwa hadi leo, mzaha au kweli, cha mwenye duka mpya aliyeuza mashati kwa kusoma namba ya kola akidhani ndiyo bei. Kwa upande wa vitabu hapakuwa na la kuchekesha. Fedha za kigeni zilipoadimika, vitabu vya nje viliadimika pia. Na ni katika hali hiyo, mwaka 1973, ndipo Amin alipotangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Fikiri, msomaji: lugha inapandishwa daraja wakati rafu zinakauka. Raia wengi hawakukutana nayo kwenye ukurasa. Walikutana nayo kwenye kizuizi cha barabarani, mdomoni mwa askari mwenye bunduki. Chuki ambayo mwalimu wa Kiswahili wa Uganda amepambana nayo tangu hapo ina chimbuko hapo, na naamini ingalikuwa pungufu kama watu wangaliweza pia kununua hadithi nzuri za Kiswahili.

Baada ya mwaka 1986 biashara ilifufuka polepole. Fountain Publishers ilianzishwa mwaka 1988, na Aristoc Booklex ikajulikana kwenye barabara ya Kampala, kisha ikaingia katika jengo la maduka la Garden City. Maduka ya namna hii yaliiondoa kaunta: mnunuzi hutembea kati ya rafu, hushika, hufungua, husoma ukurasa, hurudisha. Ni badiliko kubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa asiyejua jina la kitabu naye sasa anaweza kukikuta.

Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Wauza vitabu walisikia. Hata hivyo, muulize muuzaji kitabu cha Kiswahili, naye aghalabu hujibu kwa swali: «Cha darasa la ngapi?» Neno mteja zamani lilimhusu pia mtu aliye chini ya uangalizi wa mganga, anayeulizwa hali yake kabla ya kupewa dawa. Mteja wa Kiswahili hapa hupewa kitabu cha kiada kabla ya kuulizwa. Anayetaka riwaya ya kusoma jioni, bila mtihani mbele yake, mara nyingi humwachia fedha msafiri wa basi la Nairobi na kungoja.